Pua ya Gari la Siroj

Obisard, Mastchoh ya Juu
9 Septemba 2023

Mdogo wangu Burhon,

Amani ya Mungu ikufikie huko uliko, ipite kuta zote isiulizwe kibali. Sisi ni wazima. Viazi tumeshavichimba, mwaka huu ni vidogo lakini havina ugonjwa. Yule ng'ombe mwekundu kazaa jike. Habari kubwa nimeiweka nyuma makusudi: umekuwa babu. Mwanangu Siroj kapata mtoto wa kiume, tumempa jina la baba yetu, Sabur. Mkwe wangu Mastona anamnyonyesha vizuri, na mtoto analala kwenye kile kitanda cha kupembeza ulicholala wewe, kina alama za meno yako bado.

Kila asubuhi nafanya kama mama yetu alivyofanya. Naweka mbegu za ispandi kwenye kikaango cha makaa, natia na kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo ili moshi uwe mzito, nafukiza mlango, namfukiza mtoto, halafu natoka uani nafukiza gari la Siroj kabla hajaondoka na abiria. Unakumbuka maneno ya mama: moshi usiopita puani haukingi jicho la mtu. Basi Siroj hunifungulia boneti gari likiwa linanguruma, nami nashika kikaango mbele ya pua yake, pale linapovutia hewa. Linavuta moshi wote hadi ndani, kama mgonjwa mtiifu. Siroj anacheka, lakini hufungua.

Sasa jambo lililonikalisha kuandika. Gari lenyewe ni la dizeli, lile lenye turbo. Tangu kiangazi lina tabia mbaya. Siroj akikanyaga pedali ya mafuta, halijibu. Ni kama mzee aliyeulizwa swali: kwanza anakohoa, anatazama dari, ndipo anasema. Halafu likisema, linaruka ghafla. Madereva wenzake kule Aini wanamkejeli: "Siroj, gari lako limeshahiji nini? Mbona linasoma Bismillah ndefu hivyo kabla ya kupanda mlima?" Naye huwajibu, "Heri langu linasoma Bismillah, lako linasoma talaka."

Watu wanacheka. Mimi sicheki. Juzi kwenye ile kona nyembamba juu ya mto Zarafshon, tunayoiita Shingo, alitaka kumaliza kona kabla lori la makaa halijaingia. Alikanyaga, gari likawaza. Alinisimulia kama mzaha, lakini alipojimiminia chai, chai ilikwenda kwenye sahani.

Baba yake alichukuliwa na maradhi, nikasema alhamdulillah kwa kila hali. Lakini Siroj ni mmoja. Mungu hakunipa wa akiba. Wewe ulikuwa fundi wa magari ya namna hii kabla hayajakupeleka huko. Tufanye nini?

Dada yako anayekuombea kila baada ya swala,
Oyjamol


Gerezani, kaskazini
20 Oktoba 2023

Dada Oyjamol,

Salamu zako zote nimezipokea, na Sabur namwombea umri mrefu. Barua nimepewa jana. Zetu husomwa kwanza na mtu anayejua lugha ya kwetu, na mtu huyo hufika anapojisikia. Basi nikichelewa usinikasirikie, mkasirikie yeye.

Tuje kwenye gari.

Turbo ni feni. Inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo inasukuma hewa safi kuingia kwa nguvu. Mguu wa Siroj haumwagi dizeli, mguu unauliza tu. Kompyuta ya gari inatazama kwanza hewa iliyoingia ni kiasi gani, ndipo inatoa dizeli ya kuitosha. Kwa hiyo gari linalochelewa kujibu lina moja ya maradhi mawili: ama hewa inaibiwa njiani, ama kuna mtu anasema uongo kuhusu hewa. Tuanze na mwizi. Mwongo tutamtafuta baadaye.

Siroj achanganye maji na sabuni, ayapake kwenye mabomba yote ya mpira yanayotoka kwenye turbo kwenda kwenye kile kirejeta kidogo cha kupoza hewa, na yanayorudi kwenye injini. Mtu mwingine akanyage pedali injini iungurume. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Halafu atazame kijiti cha chuma kilicho ubavuni mwa turbo. Injini ikipanda, kijiti nacho kisogee kwa wepesi, kisigande kama bawaba yenye kutu. Anijibu yote mawili.

Na wasimdanganye kubadilisha turbo. Fundi asiyejua ugonjwa humpa mgonjwa kiungo kipya.

Mimi nipo kwenye gereji ya hapa, natengeneza malori ya mbao. Baridi imeanza. Magari niliyotengeneza kule nje yalikuwa ya wizi na mimi sikuuliza, basi sasa naulizwa mimi, kila siku, asubuhi na jioni, kwa jina na namba.

Burhon


Obisard
26 Novemba 2023

Mdogo wangu,

Namshukuru Mungu kwamba mkono wako bado unaandika, nimeujua mwandiko kabla ya kufungua bahasha. Theluji imeshashuka hadi kwenye ukuta wa zizi. Sabur alikohoa siku kadhaa, nikamfukiza sana, akapona. Mastona anakusalimia, anasema mjomba wa mume wake anaandika kama daktari, hana salamu.

Kipimo tulikifanya, na wa kukanyaga pedali nilikuwa mimi. Usicheke. Mastona alikuwa na mtoto, jirani yetu Nazrullo alikuwa ameshuka bondeni kuuza jozi alizochuma mitini. Nikapanda na mtandio wangu, nikasema Bismillah, nikashika usukani kana kwamba utanitoroka.

"Kanyaga, mama!"

"Nimekanyaga!"

"Hiyo ni breki, mama!"

"Sasa kwa nini zimewekwa mbili zinazofanana?"

Alicheka mpaka akakaa kwenye theluji na kopo lake la sabuni. Nilipoipata ile yenyewe, gari likanguruma chini yangu nikahisi nimempanda fahali. Mapovu yalitoka sehemu moja, pale bomba linapoingia kwenye kirejeta kidogo. Klipu ilikuwa imelegea. Akaikaza kwa spana. Kijiti cha turbo anasema kinakwenda na kurudi vizuri kama ulivyotaka.

Siku chache gari lilikuwa na nafuu, tukasema tumemkamata mwizi. Kisha likarudia kuwaza, na sasa linawaza zaidi. Fundi Qalandar wa Aini, ambaye tangu ujana wake ametengeneza malori ya zamani tu, alifungua boneti, akatazama, akafunga. Akasema, "Hili si gari, hili ni simu yenye magurudumu. Mpelekeeni anayeuza simu."

Wiki iliyopita kulikuwa na kipande cha barafu pale Shingo. Siroj alitaka kupita kwa kasi ndogo aliyoijenga mapema, gari likamwacha katikati, likaanza kurudi nyuma. Abiria walishuka wakalisukuma, hata wanawake wenye mikoba ya unga. Hakuniambia yeye. Nimeambiwa na Nazrullo.

Tangu siku hiyo nafukiza gari akienda na nafukiza akirudi. Roho yangu iko juu juu, Burhon. Nikisikia muungurumo wake chini bondeni ndipo napata mate mdomoni.

Mtafute huyo mwongo.

Oyjamol


Gerezani
2 Januari 2024

Dada,

Nimefurahi mtoto kapona. Nimecheka habari ya breki, nikamsimulia mwenzangu wa kitanda cha juu, naye amecheka, na huyo hajacheka tangu nimjue.

Mwizi mmoja tumemkamata na gari bado linaumwa, basi sasa mwongo. Namjua anapokaa.

Hewa ikishapita kwenye chujio, kabla ya kufika kwenye turbo, inapita kwenye kibomba chenye plagi ya nyaya. Ndani yake mna kisensa chembamba kama unywele. Kazi yake ni kuiambia kompyuta hewa iliyopita ni kiasi gani. Kikichafuka kinasema "hewa ni kidogo", kumbe ni nyingi. Kompyuta nayo inamwamini, inabana dizeli. Ndiyo maana Siroj anakanyaga na gari linanyamaza. Halina kiburi. Limeambiwa uongo na mtu wa nyumbani.

Kumpima ni hivi: Siroj achomoe ile plagi, aendeshe mwendo mfupi kupanda. Taa itawaka kwenye dashibodi, asiijali. Gari likijibu upesi bila huyo msemaji, basi mwongo ni yeye. Hapo wamfungue, waende zahanati waombe spiriti safi, wammwagie kwa bomba la sindano bila kumgusa. Wasimfute kwa kitambaa hata kama ni cha hariri. Wamwache akauke kabisa, ndipo wamrudishe.

Na aniambie ana chujio gani la hewa.

Fanyeni haraka. Nina matumaini na hili, na neno hilo hapa huwa silitumii.

Burhon


Obisard
15 Februari 2024

Mdogo wangu mpenzi, nuru ya macho ya mama yetu,

Mungu akupe kila ulichomwomba na ulichoona haya kumwomba. Njia ilifungwa na maporomoko ya theluji, barua yako ilikaa Aini ikatufikia mwanzoni mwa Februari. Ndama anakua. Sabur ameota meno mawili.

Siroj alichomoa plagi, akapanda hadi kwenye makaburi na kurudi. Nilikuwa mlangoni. Alishuka hajazima injini, akanishika mabega: "Mama, limejibu kabla sijamaliza kuuliza!"

Siku hiyo hiyo tukaenda zahanati. Muuguzi akasema, "Spiriti ya nini?" Siroj akasema, "Ya mgonjwa." "Mgonjwa gani?" "Ana magurudumu manne." Akampa huku akitikisa kichwa. Wakamwogesha yule mwongo kama ulivyoagiza. Wallahi gari lilizaliwa upya. Nazrullo aliyepanda naye anasema aligonga kisogo kwenye kiti.

Nililia kwa furaha. Nilipika mkate wa mafuta nikaugawa kwa majirani, na kwa shukrani nikalifukiza gari kwa ispandi nyingi, asubuhi na jioni, nikishika kikaango hadi mkono ukafa ganzi, nikisema, Ee Mola, umetupa, usitunyang'anye.

Lakini Burhon, haikupita wiki likaanza tena kukohoa. Siroj akamwogesha mwongo wako mara ya pili. Safari hii halikukaa hata siku tatu. Kila tukimsafisha anachafuka upesi zaidi. Anasema akimtoa anamkuta na utando wa kahawia wenye kunata, kama sufuria iliyokaangiwa. Chujio la karatasi lilizibwa na vumbi la kiangazi, na lile aliloliona Aini halikuenea, basi ameweka kitambaa chepesi. Aliniambia nisikuandikie hilo, anaona haya.

Madereva wamerudi kwenye kejeli zao. Mmoja kamwambia, "Lioe mke wa pili, labda litachangamka." Siroj hajibu tena. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko gari.

Nani anayemchafua? Kila siku namwomba Mungu anionyeshe. Theluji ikianza kuyeyuka mawe ya juu ya Shingo yatalegea, kama kila mwaka, na pale mtu anatakiwa apite upesi au asipite.

Dada yako,
Oyjamol


Gerezani
18 Machi 2024

Dada Oyjamol,

Nimempata. Nimecheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kunitazama.

Barua yako niliisoma kwa mtindo wangu: nikaruka salamu, nikaenda kwenye gari. Utando wa kahawia, unanata, kama sufuria. Nikawaza oili inayorudi kutoka kwenye injini. Nikawaza vumbi. Hakuna kilichoingia akilini, maana vumbi halinati, na oili haiongezeki kila ukisafisha. Usingizi ukanikataa, nikazitoa barua zako zote nikazisoma tangu mwanzo, pamoja na salamu, kama mtu anayetaka kusikia sauti ya kwao. Na hapo, baada ya viazi na ng'ombe, kabla hujaanza habari ya gari, umeniandikia jibu tangu Septemba.

Ni kikaango chako, dada.

Ule moshi wa ispandi na mafuta ya mkia unaingia puani mwa gari. Chujio la kweli halipo, kitambaa hakizuii kitu. Mafuta yanaganda juu ya kile kisensa. Ukiogopa unafukiza zaidi, ukifukiza zaidi gari linachelewa zaidi, likichelewa unaogopa zaidi. Umeona duara lenyewe? Nimekuchorea hapa chini: hiki ni kisanduku cha hewa, hiki kibomba, hapa anakaa mwongo, na huyu mwenye mtandio ni wewe na kikaango chako. Nimekuchora mnene, nisamehe.

Dawa ni nyepesi. Mwogesheni mara moja tena. Siroj atafute chujio la karatasi linaloenea, hata likiwa la gari lililokufa. Na wewe dua yako usiiache. Mfukize Siroj mwenyewe, azunguke kikaango mara tatu kama alivyokuwa akizungushwa utotoni. Gari lenyewe halina roho ya kukingwa.

Usilie kwa hili. Hujafanya kosa, umemwaga upendo mahali pasipo na chujio. Kesho Siroj atalicheka hili na madereva wataacha kejeli.

Nauruzi njema, mwaka wetu mpya uwe wa heri. Ni mara ya kwanza tangu niingie hapa nimefanya kazi ya maana.

Mdogo wako,
Burhon


Obisard
30 Machi 2024

Burhon,

Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea.

Siroj ametutoka. Ilikuwa Jumanne, tumefunga. Tumemzika kabla ya alasiri, karibu na baba yake, ardhi bado ni ngumu kwa baridi na vijana walichimba kwa zamu. Nakuandikia mimi kwa sababu sitaki uambiwe na mtu mwingine, na kwa sababu siwezi kukaa bila kushika kitu.

Nazrullo alikuwa kiti cha nyuma, yeye yuko hai, mkono umevunjika. Alikuja na bandeji yake akakaa mlangoni, akakataa kuingia hadi nimpe ruhusa. Nikamwambia, "Sema yote, usinipunguzie."

Akasema: "Mama, tulikuwa Shingo. Nikasikia mawe juu. Siroj naye akasikia, akasema, 'Shikeni.' Mbele njia ilikuwa nyeupe, wazi kabisa, hatua chache tu tungekuwa tumepita. Alikanyaga. Nilisikia mguu ukigonga sakafu. Gari likanyamaza. Akalipiga usukani kama mtu anavyompiga punda begani, akasema, 'Haya basi, maliza Bismillah yako twende.' Hakuwa na hofu, mama, alikuwa akilitania. Ndipo gari likaruka. Likaruka, lakini jiwe lilikuwa limeshafika mlangoni kwake."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Yana jina la Mungu ndani, nashukuru.

Mastona haongei. Anampembeza mtoto hata mtoto akiwa hayumo kitandani.

Asubuhi ile nilikuwa nimeota ndoto mbaya. Nililifukiza gari kuliko siku zote. Nilimaliza mkebe mzima wa ispandi. Siroj akasema, "Inatosha mama, abiria watadhani linaungua," nami nikasema, "Ngoja kidogo tu." Nauliza, Burhon: je, dua yangu haikupokelewa? Imamu ananiambia ajali ni kalamu iliyokwisha kauka. Namwamini. Lakini wewe ni fundi, na swali langu kwako bado halijajibiwa. Nani alikuwa akimchafua yule mwongo? Niambie ukweli wa kifundi. Sitaki kufarijiwa, wafariji wamejaa uani.

Oyjamol


Gerezani
12 Mei 2024

Dada yangu Oyjamol,

Mungu amweke Siroj mahali pema, ampanulie kaburi lake, akupe wewe subira iliyopewa wazazi walioonjeshwa hili kabla yako. Barua yako nimeipata juzi. Wamenipa ruhusa ya kukaa bila kazi siku moja. Nilimswalia peke yangu nyuma ya gereji, bila jeneza, nikielekea kibla nilichokikisia kwa jua.

Vipi Mastona? Anakula? Vipi Sabur, ametambaa? Ndama yule amekuwa mkubwa kiasi gani? Viazi vya mbegu mmevipanda, nani amewasaidia kulima? Niandikie yote, hata madogo.

Umeniuliza ukweli wa kifundi. Ni huu. Turbo ya gari lile ilikuwa imechoka tangu huko lilikotoka. Mapanga yake ya ndani yalikwisha, na turbo iliyochoka hutapika oili yake yenyewe, ndiyo ile uliyoniambia inanata. Tulipomwogesha yule mwongo tulikuwa tunamfuta machozi maiti. Mimi ndiye niliyesema turbo isibadilishwe, kwa hiyo kama unatafuta mtu wa kumlaumu, nipo, sina pa kukimbilia. Lakini hata ingebadilishwa, jiwe ni jiwe. Hakuna chochote cha nyumbani kilichoingia katika jambo hili. Hakuna hata kimoja.

Endelea kufukiza, dada. Fukiza mlango na umfukize mtoto kama mama alivyotufukiza sisi. Ispandi yako haina neno.

Jambo jingine dogo. Tarehe 18 Machi nilikuandikia barua yenye mchoro. Msomaji wa hapa aliizuia, aliudhania mchoro ni ramani ya kutorokea. Labda wataiachia, labda hawataiachia. Ikikufikia usiisome. Nilikuwa nakisia tu, na nilikisia vibaya. Itie jikoni.

Mdogo wako asiye na cha kukupa,
Burhon


Obisard
3 Agosti 2024

Mdogo wangu Burhon,

Salamu za nyumba nzima, wale waliobaki. Umeniuliza madogo, nami nitakupa. Sabur ametembea, alishika ukuta wa zizi akauacha. Mastona ameanza kuongea, neno lake la kwanza lilikuwa "chumvi", alionja chai ya maziwa, ile yetu ya chumvi, akaona haina. Viazi walitulimia wale madereva vijana, wale wale wa kejeli. Walikuja wote na majembe, hakuna aliyetania. Nilitamani mmoja angetania. Gari walilivuta hadi uani wakalifunika turubai.

Nimepokea uliyoniandikia kuhusu turbo. Watu wakiniuliza, nawaambia hivyo hivyo: ilikuwa imechoka tangu huko lilikotoka.

Barua yako ya Machi imefika katikati ya Julai. Bahasha ilikuwa imeshafunguliwa na watu wa huko na kubandikwa tena kwa karatasi ya gundi. Nikiiinua mbele ya dirisha naona mistari ya mchoro kwa nyuma ya wino, kisanduku, na kitu kama mtu mwenye mtandio. Mastona alisema, "Nikusomee, mama?" Nikamwambia mjomba ameagiza isisomwe, na mjomba ni wa kutiiwa.

Sikuifungua. Usije ukakaa huko ukijiuliza. Sikuifungua.

Lakini wewe ni mdogo wangu, nilikubeba mgongoni kabla hujajua kusema. Katika barua zako zote hukuwahi kuniuliza habari ya ng'ombe, wala ya viazi. Kikaango changu nilikitaja mara ngapi, hukukijibu hata mara moja. Safari hii umeuliza vyote, na ispandi umeitaja wewe mwenyewe, bila kuulizwa, ukaisafisha kwa maneno mengi. Mama alikuwa akisema, mtoto anayekuonyesha mkono wa kulia mtupu, mtazame wa kushoto.

Sitakuuliza, nawe usinijibu. Tukae hivyo.

Mlangoni sifukizi tena. Majirani wanadhani mkono unauma. Wiki iliyopita mama yake dereva mmoja, kijana wa rika la Siroj, alisimama uani kwake na kikaango, boneti limefunguliwa. Nilivuka njia bila viatu. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Dada, mfukize mwanao. Gari liache." Akasema, "Kwa nini, Oyjamol? Wewe ndiye uliyetufundisha." Nikamwambia, "Ndiyo. Sasa nawafundisha hivi." Nimepita nyumba zote zenye gari, ya mwisho iko juu kabisa kwenye chemchemi. Wengine wamenitii. Wengine wananionea huruma, wanasema msiba umemgeuza.

Uliniagiza niitie barua jikoni. Nilikwenda nayo, nikafungua mlango wa jiko, makaa yalikuwa mazuri. Nikashindwa. Karatasi ikiungua hutoa moshi, Burhon, na mimi nimechoka na moshi. Nimeifukia makaburini, upande wa miguu ya Siroj, nikaweka jiwe dogo juu.

Baridi ikianza nitakutumia soksi za sufu. Wakikuuliza huko zimefumwa na nani, sema ni dada yako.

Oyjamol